Re: Jina la babu halionekani kwenye orodha ya KAR

Salaam mkuu. Kikundi chenu cha wajukuu wa askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la mkoloni Mwingereza Afrika Mashariki) kinaandaa kumbukumbu, na jina la babu yako aliyepigana Burma (sasa Myanmar) Vita vya Pili vya Dunia halionekani kwenye orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Kwanza, je, alirudi hai? Orodha ile ni ya waliofariki tu. Wa kwangu alirudi, nikapoteza wiki nzima bure.

Kama alifia huko, acha jina, tafuta namba ya jeshi. Makarani waliandika walivyosikia: Hamisi akawa Amisi. Namba ya babu yangu tuliikuta kwenye cheti chake cha kuachishwa jeshi, kimekunjwa ndani ya kopo la chai la bibi. Usihangaike na nishani ya Burma Star, haikuchongwa jina.