Shangazi, nahubiri hemani lakini wenzangu wananikwepa

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 24, mpagazi wa Mlima Kilimanjaro, naishi Moshi. Niliokoka mwaka jana. Kwenye kikosi chetu mlokole ni mimi peke yangu. Wengine kanisani ni Krismasi tu, wawili ni Waislamu, na mmoja wao huswali nje hata kwenye baridi kali. Usiku hemani nawahubiria, ila wameanza kunikwepa, wananiita "Mchungaji". Tukishuka wanaenda kunywa mbege, mimi narudi nyumbani. Kiongozi amesema safari ijayo huenda asinichukue. Je, ninyamaze? – Mgumu, Moshi*

Marahaba, mwanangu. Kunyamaza sikushauri. Lakini litazame hilo hema kwa macho ya wenzako. Mmepanda kutwa nzima na mizigo ya hadi kilo 20. Mmekula ugali, mmelala mmebanana, nje upepo wa kambi ya Barafu unapiga turubai. Asiyetaka kukusikiliza aende wapi? Akikaa kimya hajakubali, amechoka. Petro aliwaagiza waumini wawe tayari kumjibu kila anayewauliza, tena kwa upole. Anayewauliza, mwanangu. Hao hawajakuuliza bado.

Nami nilikosea hivyo hivyo. Nilipookoka nikiwa binti wa miaka 19, huko Kibosho, nilikuwa namwamsha mama kila alfajiri nimwombee kwa sauti. Hakunigombeza. Siku moja tu akasema, "Tangu uokoke, maji nachota mwenyewe." Nililia siku ile, na mpaka leo maneno hayo yananichoma.

Kwenu maji ni kazi nzito zaidi. Barafu hakuna maji. Ya mwisho yako bonde la Karanga, na lazima mtu ayabebe mpaka juu. Safari ijayo jitolee wewe, na ukiyatua usitaje Mungu. Mwenzio akiumwa kichwa na kutapika huko juu ya mita 4,600, mwambie kiongozi mara moja ili ateremshwe, umpokee na mzigo. Maombi yafuate hapo.

Na mkishagawana tipu pale geti la Mweka mnakoshukia, usikimbilie daladala. Kaa nao. Agiza soda, kula nyama, sikiliza. Hapo ndipo mtu husema ya moyoni, ada ya mtoto imekwama, mke kaondoka. Akikuuliza mbona siku hizi hunywi, mweleze ulivyokuwa na ulivyo sasa, kwa dakika mbili, uache.

Yule ndugu anayeswali kwenye baridi anajua kusali katikati ya watu wasio wa imani yake. Muulize anawezaje. Umsikilize kweli, usimuulize ili upate nafasi ya kumhubiria.

Kinachonitia hofu zaidi ni wewe. Msimu ukikolea unakaa mlimani siku sita saba, unashuka, unapanda tena. Jumapili zinakupita. Wewe unalishwa lini? Mtafute mzee mmoja wa kanisani kwako mpatane: kila saa moja jioni yeye anaomba mjini, wewe unaomba huko uliko, hata kama simu haishiki mtandao. Upweke wako utapungua, na hutakuwa na haja ya kuwageuza wenzako wawe kanisa lako kwa nguvu.

Kiongozi mwone kabla hajapanga kikosi. Mwambie ulivuka mpaka na hutarudia. Wenzako waombe radhi pale geti la Machame, mkisubiri mizigo ipimwe, kabla hamjaanza kupanda.