Wameniachisha kazi kwa pointi: je, mafao yangu yamepotea?

SWALI: Mhariri, pokea salamu. Ninaishi Iowa, Marekani, ambako nilifanya kazi katika kiwanda cha nyama kwa miaka 3. Nilichelewa mara mbili kwa sababu ya gari kuharibika, kisha nikaugua, nikapiga simu kabla ya zamu kuanza, lakini wakaniachisha kwa kuwa pointi zangu, yaani alama ambazo kiwanda humwandikia mfanyakazi kila anapochelewa au asipofika kazini, zilikuwa zimejaa. Barua ya jimbo inasema sistahili mafao ya ukosefu wa ajira kwa sababu ya utovu wa nidhamu. Je, mambo yamekwisha?

JIBU: Hayajakwisha, ndugu yangu, ila itazame kwanza tarehe ya barua hiyo, kwani una siku 10 tu za kukata rufaa, nazo huhesabiwa tangu barua ilipotumwa, si tangu ulipoipokea.

Mwajiri anaweza kuwa na haki ya kukuachisha kwa kanuni zake, lakini suala la mafao ni jingine kabisa. Tangu Mahakama Kuu ya Wisconsin ilipoamua shauri la dereva wa teksi mwaka 1941, majimbo mengi, Iowa likiwamo, huona utovu wa nidhamu kuwa ni kuyapuuza kwa makusudi maslahi ya mwajiri. Kushindwa kazi au kukosea kwa nia njema hakuhesabiwi humo. Tena, mwenye jukumu la kuthibitisha utovu huo ni mwajiri.

Gari kuharibika hakukubaliwi kuwa udhuru, kwa hoja kwamba usafiri ni juu ya mfanyakazi, na hapo naona sheria inawaonea wanaokaa mbali, mahali pasipo na basi la usiku. Ugonjwa uliotolewa taarifa kwa utaratibu wa kazini, hata hivyo, ni udhuru, hata kama kiwanda kilikuongezea pointi. Kwa kuwa hupimwa kwanza tukio la mwisho lililosababisha uachishwe, siku hiyo ya ugonjwa ndiyo roho ya rufaa yako: tafuta kumbukumbu ya simu uliyopiga, na cheti cha daktari ikiwa unacho.

Rufaa kwa kawaida husikilizwa kwa simu, hivyo sajili namba yako mapema na uombe mkalimani. Usimwambie “nilikosa siku ile”, maana anaweza kufasiri kwamba umekiri kosa. Sema hukuwapo kwa sababu uliugua. Wakati unasubiri uamuzi, endelea kujaza madai yako kila wiki, kwani wiki ambayo hukuidai hailipwi hata ukishinda.