Mkuu, usiiweke hiyo skripti kwenye cron usiku huu

Umeuliza bakapu ya duka iende saa ngapi kwenye cron, ile ratiba inayoendesha amri yenyewe, na kama uhame gzip, programu ya kubana mafaili, uende xz inayofanya kazi hiyohiyo. Achana na saa kwanza. Angalia mstari wako:

mysqldump duka | gzip > $leo.sql.gz && find . -name '*.gz' -mtime +7 -delete

Hiyo && (fanya cha pili cha kwanza kikifaulu) haimwangalii kabisa mysqldump, anayenakili databesi. Kwenye paipu, ile alama | inayopitisha matokeo ya amri moja kwenda nyingine, sheli (programu inayosoma amri zako) inachukua jibu la amri ya mwisho tu, yaani gzip. Mysqldump akigoma, gzip anabana hewa, anarudisha 0, yaani nimefaulu, na find anaanza kufuta bakapu zako za zaidi ya siku 7, zile zilizo nzima.

Duka la jumla ninalofanyia kazi hapa Mwanga, Kigoma, fundi alituwekea mstari huohuo akasema, "Ukiona faili lipo, bakapu ipo." Pasiwedi ya databesi ikabadilishwa. Cron ikaendelea kila usiku, kimya. Siku diski ilipokufa tukafungua folda: mafaili yamejipanga kwa tarehe, kila moja baiti 20. Hiyo ndiyo gzip tupu, kichwa na mkia, katikati hamna kitu. Hata gzip -t, ya kukagua faili, inalipitisha! Yale mazima yalishafutwa. Madeni ya wachuuzi wa dagaa wa Kibirizi tukayakusanya upya daftari kwa daftari, na asiyekuwa na daftari tukakubali alichosema. Yule fundi alipopigiwa akasingizia umeme. Umeme unabadilisha pasiwedi? Alilipwa hela nzima kwa kazi ambayo hakuijaribu kurejesha hata mara moja.

Amri ambayo jibu lake unalihitaji isikae kushoto mwa paipu. Basi:

mysqldump duka > $leo.sql && tail -n 1 $leo.sql | grep -q 'Dump completed' && gzip $leo.sql

Mysqldump akimaliza salama huandika 'Dump completed' mwishoni; tail anachukua mstari wa mwisho na grep anayatafuta maneno hayo humo. Grep yuko mwisho wa paipu, kwa hiyo jibu lake ndilo linalosikika: 0 ameona, 1 hajaona, zaidi ya 1 ni hitilafu. Find aje baada ya hapo, kwa && nyingine.

Watakuja kukwambia weka set -o pipefail, inayofanya paipu nzima ihesabike imegoma amri yoyote ndani yake ikigoma. Kwenye sheli ya bash sawa. Lakini skripti yako inaanza na #!/bin/sh, na kwenye Debian na Ubuntu hiyo ni sheli nyingine, dash. Dash za zamani zinaikataa na skripti inafia hapo. POSIX yenyewe, kiwango cha pamoja cha sheli, imeipokea 2024. Mstari niliokupa hauitegemei.

Rekebisha, kisha badilisha pasiwedi kwa makusudi uone kama inagoma. Bandika matokeo hapa kabla hujagusa crontab, faili la ratiba ya cron.