Maswali yenu: jina jipya, cheti cha zamani na midomo ya ofisini

*Mtoto wa dada yangu amerudi kutoka chuoni akitaka tumwite kwa jina la kike. Mama yangu hataki hata kulisikia. Nimebaki katikati. (Mama mdogo, Nakuru)*

Anza wewe. Mwite jina alilolichagua. Ulimi ukiteleza, jisahihishe mara moja na maongezi yaendelee; msiweke matanga. Nyanya mpeni muda, kwani mabishano ya mezani hayajawahi kumgeuza mzee. "Mjukuu wangu" linatosha kwa sasa, wala halimuumizi mtu. Ila akimkemea mtoto mbele ya wageni, mvute pembeni useme naye kwa adabu.

*Huyo mtoto anayetaka jina la kike si ndiye huntha? (Msomaji, Mombasa)*

La. Huntha huzaliwa na maumbile yasiyo wazi kuwa ya kike au ya kiume. Sensa ya Kenya ya 2019 iliwahesabu kwa mara ya kwanza, wakapatikana 1,524, na Sheria ya Watoto ya 2022 inawataja. Aliyebadili jinsia kwa kawaida mwili wake haukuwa na utata wakati wa kuzaliwa. Anavyojijua mwenyewe ndiko kunakotofautiana na kilichoandikwa. Wala si mgonjwa wa akili: Shirika la Afya Duniani liliiondoa hali hiyo kwenye maradhi ya akili katika mwongozo wake ulioanza kutumika 2022.

*Mwanangu wa kiume, miaka sita, anapenda kupaka rangi kucha. Niwe na wasiwasi?*

Hapana. Rangi hutoka kwa pamba na asetoni.

*Tumepata mfanyakazi mwenzetu, mwanamke, ambaye cheti chake cha shule kina jina la kiume. Mmoja wetu amekipiga picha na kukituma kwenye grupu la WhatsApp. Nifanye nini? (Karani, Nairobi)*

Aliyetuma aambiwe aifute leo hii. Huo si umbea tu. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data tangu 2019, na karatasi za mwajiriwa si mali ya grupu.

Kuhusu cheti chenyewe, wenzako wasidhani ni cha kughushi. Audrey Mbugua, mwanamke Mkenya aliyebadili jinsia, alilazimika kulishtaki Baraza la Mitihani kwa sababu cheti chake cha KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, kilikuwa na jina la kiume. Oktoba 2014 Mahakama Kuu iliagiza jina libadilishwe na herufi ya jinsia iondolewe. Jaji hakuona cheti kikipungukiwa na chochote bila herufi hiyo. Audrey alishinda, lakini ilibidi apite mahakamani. Wengi hawana pesa za wakili, wala moyo wa kuanikwa magazetini, kwa hiyo wanaendelea kubeba karatasi zisizofanana nao kila wanapoomba kazi.

Usimuulize habari za upasuaji. Wewe hukuulizwa za kwako ulipoajiriwa. Na kabla hujakimbilia kwa meneja kumtetea, mwulize faraghani kama anataka jambo hili lifike huko. Akikataa, liache.