Fangasi, PCR na kile kichupa cha formalini

Barua za mwezi huu zilikuwa kumi na tisa. Nusu yake zinauliza jambo moja, kwa hiyo naanza nalo. Kwa wageni: PCR ni kipimo cha maabara kinachozidisha DNA ya kimelea, mzunguko kwa mzunguko, mpaka ionekane.

Tulileta kijinyama cha puani cha mgonjwa wa kisukari, maabara ikakataa kukifanyia PCR ya fangasi. Kwa nini? (Muuguzi, Morogoro)

Sista, swali hili nimeshalijibu mara tatu. Wiki iliyopita nimepokea kichupa kingine tena: kijinyama kama punje ya mchele, kimepauka mithili ya nyama ya supu, kinaelea kwenye formalini, ile dawa ya kuhifadhia nyama isioze. Formalini huigandisha DNA na protini pamoja, kisha DNA hiyo hukatikakatika. Tukilazimishwa tutajaribu, lakini jibu likitoka hasi halina maana yoyote.

Mweleze daktari anayekata akate vipande viwili. Kimoja kiende formalini kwa ajili ya hadubini, kingine kwenye maji ya chumvi ya hospitali, na kifike siku hiyohiyo. Andika kwenye fomu mnashuku nini. Mkishuku mukomaikosisi, yaani fangasi mkali anayekula pua na uso, tuambieni mapema, maana nyama hiyo tukiisaga kabla ya kuiotesha (kumkuza fangasi kwenye sahani ya maabara) nyuzi za fangasi hupasuka na hazioti tena. Na msitusubiri sisi: kisukari, uso umevimba, pua imeota weusi ndani, huyo anahitaji daktari wa upasuaji na amfoterisini, dawa ya fangasi, usiku huohuo.

PCR na kuotesha, kipi bora?

Fanya vyote viwili. PCR ni nadra kukuambia dawa gani itamuua fangasi huyo.

Kaka yangu anaishi na VVU na kichwa kinamuuma wiki ya pili sasa. Tumeshauriwa tupeleke maji ya uti wa mgongo nje ya nchi yakafanyiwe PCR. Ni gharama gani?

Aliyewashauri hivyo simtaji kwa sababu simjui, lakini angekuwa karibu ningemwambia neno. Mpelekeni hospitali leo. Waombeni wapime CrAg, yaani antijeni (alama) ya kriptokokasi, fangasi anayeshambulia ubongo. Ni kijiti kama cha malaria: tone la seramu au la maji ya uti wa mgongo, dakika kumi, umemaliza. Hukamata karibu wagonjwa wote wa homa ya uti wa mgongo ya kriptokokasi, na haihitaji mashine. Zile PCR kubwa zinazotafuta vimelea kumi na zaidi kwa mpigo zimeshawahi kuikosa kriptokokasi kwa wagonjwa walionayo, na bei yake mtauza shamba. Wakati maji yanatolewa, wapime na presha ya maji hayo, kwani presha hiyo peke yake inaua.

Akishapona, msirudie CrAg kuona kama imekwisha. Hubaki chanya miezi mingi na itawatia hofu bure.

Kontroli hasi yetu, kile kichupa kisichotiwa sampuli, imepanda (imeonyesha DNA) kwenye mzunguko wa 38 wa PCR. Wagonjwa wako sawa, tutoe majibu? (Fundi maabara, Mombasa)

Hapana. Tupa kazi yote ya siku hiyo, uanze upya. Umejuaje wagonjwa wako sawa? Mbegu za Aspergillus zinaelea hewani hapo ulipokaa, na hata vimeng'enya vya kuvunjia ukuta wa fangasi vimewahi kukutwa na DNA ya fangasi ndani yake. Kuhusu huo ukuta: una kaitini, ni mgumu. Ukiruka hatua ya kuutikisa na vishanga kwa sababu umechelewa daladala, utapata hasi nzuri sana za uongo.

Makohozi yametoka chanya kwa Pneumocystis, yule fangasi wa mapafu. Ndiyo nimonia hiyo?

Inategemea. Pneumocystis haioti kwenye sahani zetu, ndiyo maana PCR imekuwa mkombozi hapa, ila kuna watu wanaobeba fangasi hii mapafuni bila kuugua. Chanya ya mzunguko wa 24 na ya mzunguko wa 37 si kitu kimoja (namba ikiwa ndogo, fangasi ni mwingi), kwa hiyo mwambieni mtu wa maabara awape namba, asiwape neno "chanya" tupu. Oksijeni ikiwa chini na picha ya kifua inafanana, anzeni Septrini ya dozi kubwa bila kusubiri. Sampuli ikichukuliwa siku chache baadaye PCR bado itaona.

Nimemeza terbinafini, dawa ya fangasi, miezi mitatu, PCR ya ukucha wa mguu bado chanya. Dawa feki?

Si lazima. PCR huona DNA ya fangasi aliyekufa sawasawa na ya aliye hai, na ukucha wa kidole gumba cha mguu huchukua mwaka au zaidi kuota wote. Angalia kwenye shina la ukucha: ikiwa unaota safi, dawa inafanya kazi. Ukirudi kupima, njoo bila rangi na bila hina, na mtu wa maabara akukwangue chini ya ukucha mpaka karibu na palipo pazima. Vipande vya nchani ulivyokata saluni ukavitia kwenye bahasha sivitaki.