Ushauri kwa Wanaoanza Kutafuta Mababu wa Kiairishi Katika Sensa za Zamani

Mtu anayeanza kutafuta mababu wa Kiairishi huingia katika kazi hii akiwa ameshika kitu kimoja, nacho ni jina la ukoo kama familia yake inavyoliandika leo. Huliingiza katika kisanduku cha utafutaji, hapati kitu, kisha huamua kwamba kumbukumbu zimepotea. Wakati mwingine zimepotea kweli, lakini mara nyingi zaidi familia imo humo humo, katika kitongoji kilekile inachokumbuka, ila imeandikwa kwa tahajia ambayo vitukuu hawaitambui. Ushauri wangu kwa mgeni ni kwamba jina la ukoo lichukuliwe kuwa shahidi dhaifu kuliko wote, na kwamba kinachotafutwa kiwe kaya nzima: mahali ilipoishi, majina ya kwanza ya waliomo, na umri wao.

Kwanza ijulikane ni nini kilichosalia, ili mtu asipoteze miezi akitafuta kisichokuwepo. Sensa za 1821, 1831, 1841 na 1851 ziliteketea karibu zote tarehe 30 Juni 1922, mwanzoni mwa vita vya wenyewe kwa wenyewe, pale ofisi ya kumbukumbu iliyokuwa katika majengo ya Four Courts mjini Dublin ilipolipuka na kuungua. Fomu za 1861 na 1871 ziliharibiwa na serikali yenyewe baada ya takwimu kukamilishwa, na za 1881 na 1891 zikasagwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia kutokana na uhaba wa karatasi. Mwaka 1921 sensa haikufanyika, kwa kuwa nchi ilikuwa vitani. Kwa hiyo uwanja mkuu wa mwanafunzi ni sensa mbili, ile ya 31 Machi 1901 na ile ya 2 Aprili 1911, ambazo zimesalia kwa kaunti zote 32 na ambazo Nyaraka za Taifa za Ireland zimeziweka kwenye intaneti bila malipo, pamoja na picha za fomu zenyewe.

Picha hizo ndizo zenye thamani kubwa. Faharasa tunayotafutia majina ni kazi ya mtu aliyesoma mwandiko wa mtu mwingine karne moja baadaye, na katika mwandiko wa wakati ule herufi n na u, au L na S, hufanana mno. Tena fomu ya familia haikuwa karatasi pekee ya kaya. Fomu iliyoitwa A ilijazwa na mkuu wa kaya, au na askari kwa niaba yake ikiwa hakujua kuandika, na katika hali hiyo utaona alama ya msalaba mahali pa sahihi. Fomu ya B1, iliyoorodhesha nyumba zote za kitongoji, ilijazwa na askari mwenyewe, kwani wasimamizi wa sensa walikuwa polisi wa Royal Irish Constabulary na, mjini Dublin, wa Dublin Metropolitan Police. Kwa hiyo jina la mkuu wa kaya linaweza kuandikwa mara mbili na mikono miwili tofauti, na anayesoma fomu ya B1 hupata pia majina ya majirani, ambao mara nyingi ni ndugu wa familia anayoitafuta.

Tahajia zilitofautiana kwa sababu ambazo si za uzembe. Watu wengi waliotaja majina yao hawakuyasoma popote, na waliowaandikia, yaani mapadri, makarani na askari, waliandika walichosikia. Ndiyo maana Kavanagh huonekana pia kama Cavanagh, Keogh kama Kehoe, Doherty kama Dougherty, na Byrne kama Burns. Wapo wanaopenda kusimulia kwamba jina la babu lilibadilishwa na ofisa wa uhamiaji pale Ellis Island, kituo cha kupokea wahamiaji huko New York. Simulizi hiyo ni tamu lakini haina msingi, kwa kuwa maofisa wa pale walifanya kazi kwa kutumia orodha za abiria zilizoandaliwa na kampuni za meli, na majina yalibadilika polepole baada ya watu kuanza maisha Marekani.

Mgeni huambiwa mapema atumie Soundex, mfumo wa kugeuza jina kuwa herufi moja na tarakimu tatu ili majina yanayofanana kwa sauti yakutane. Utumie, lakini ujue mipaka yake kwa majina ya Kiairishi. Reilly na Riley yote hupata R400, jambo jema, ilhali O'Reilly hupata O640 na kukaa mbali kabisa na nduguze. Kavanagh ni K152 na Cavanagh ni C152, kwa kuwa mfumo hauigusi herufi ya kwanza. Mfano unaonisadikisha zaidi ni Meagher na Maher, majina ya Tipperary yanayotamkwa sawa: la kwanza hupata M260 na la pili M600. Mfumo uliobuniwa kwa ajili ya sauti huhesabu g ambayo hakuna anayeitamka. Alama ya nyota, pale tovuti inapoikubali, hufaa zaidi, kwa mfano M*her, ambayo huyanasa yote mawili.

Viambishi O na Mac vinahitaji uangalifu wa pekee. Vyote huonyesha uzao, kama bin kwetu, na vingi viliachwa katika karne za utawala wa Kiingereza kisha vikaanza kurejeshwa mwishoni mwa karne ya 19, hasa baada ya Gaelic League, chama cha kufufua lugha ya Kiairishi, kuanzishwa mwaka 1893. Si ajabu basi familia moja kuwa Sullivan mwaka 1901 na O'Sullivan mwaka 1911, katika nyumba ileile. Tafuta kila mara kwa namna zote mbili, na kwa Mac jaribu pia Mc na M' yenye alama ya ritifaa.

Yapo majina yaliyokwenda mbali kuliko hapo. Huko Cavan watu wengi wenye jina la kuhusu uhunzi, ambao kwingine huitwa McGowan, waliandikwa Smith, yaani mhunzi kwa Kiingereza, na huko Connemara ukoo wa Mac Conraoi uliandikwa King. Tena wapo waliojaza sensa kwa Kiairishi kwa makusudi, na hapo baba huwa Ó Súilleabháin, binti yake Ní Shúilleabháin, na mkewe Bean Uí Shúilleabháin. Faharasa huweza kuwatawanya watu hao wa nyumba moja katika sehemu tatu. Hakuna tahajia ya Kiingereza itakayowafikia. Mahali pekee ndipo patakapowafikia.

Hivyo turudi kwenye mahali. Anuani ya Ireland hushuka kutoka kaunti hadi parokia na hatimaye hadi kitongoji chenye jina lake, kinachoitwa townland katika kumbukumbu, na vitongoji hivyo vinazidi 60,000. Ukikijua, acha kisanduku cha jina la ukoo kitupu na usome nyumba zote za kitongoji, kazi ambayo kwa kawaida haichukui jioni nzima. Usipokijua, chukua jina la kwanza lisilo la kawaida katika familia. Kumtafuta Mary au Patrick kaunti nzima ni kujitesa. Lakini tuseme mkuu wa kaya ni Cornelius mwenye umri wa miaka 40 hivi na mkewe ni Honora, hapo orodha hupungua haraka. Kumbuka tu kwamba majina ya kwanza nayo yana sura nyingi: Honora ni Nora, Hanora au Hannah, Bridget huwa Delia, na Jeremiah huweza kuwa Darby.

Ukishapata kaya unayoidhani, ipime kwa kumbukumbu nyingine kabla ya kuipokea. Sensa ya 1911 iliwauliza wanawake walioolewa ndoa yao imedumu miaka mingapi, wamezaa watoto wangapi waliozaliwa hai, na wangapi kati yao bado wanaishi. Jibu la kwanza hukupa mwaka wa ndoa kwa kukadiria, na cheti cha ndoa huwa na majina ya baba wa pande zote mbili. Usajili wa vizazi, vifo na ndoa zote ulianza 1 Januari 1864, hivyo watoto wa 1911 wana rekodi za kuzaliwa zinazotaja jina la mama kabla ya kuolewa. Majina ya wazazi na kitongoji yakilingana, tofauti ya tahajia haina uzito tena.

Umri usikutishe. Pensheni ya uzeeni ilianza kulipwa Januari 1909 kwa waliofikisha miaka 70, na wazee wa wakati huo walizaliwa kabla ya usajili kuwepo, hivyo hawakuwa na cheti cha kuthibitisha umri wao, na ilikuwa rahisi kuuongeza. Bibi aliyeandikwa miaka 57 mwaka 1901 anaweza kuwa na 71 mwaka 1911, na akabaki kuwa yuleyule. Maombi ya pensheni hiyo yana faida nyingine kwetu: ili kuthibitisha umri, makarani walipekua sensa za 1841 na 1851 kabla hazijaungua, na fomu za upekuzi huo zimehifadhiwa. Mwombaji alitakiwa kutaja majina ya wazazi wake na mahali walipoishi alipokuwa mtoto, kwa hiyo hata pale karani alipoandika kwamba hakuona kitu, fomu yenyewe hukupa kizazi kimoja zaidi, na mara nyingi pia tahajia nyingine ya kuongeza katika daftari lako. Iandike kama ilivyo, pamoja na mwaka na aina ya hati, bila kuisahihisha.