Mpange mtoto kwa anachokiweza majini, si kwa umri wake

Kwa miaka sita sasa, kila Jumamosi asubuhi huwafundisha kuogelea watoto wa mtaani kwetu hapa Dar es Salaam, wakiwemo wanangu wawili. Kosa ninalolijutia nililifanya mwaka wa kwanza, nilipowapanga kwa umri: wadogo upande wa kina kifupi, na wenye miaka minane na kuendelea upande wa mbele, kana kwamba urefu wa mwili ndio unaojua kuelea. Binti mmoja wa miaka kumi, ambaye hakuwahi kuzamisha uso wake majini, alishikilia ukingo wa bwawa muda wote wa somo huku mtoto wa mvuvi mwenye miaka sita akipiga mbizi na kuibuka na kokoto mkononi. Jumamosi iliyofuata binti yule hakuja, na ilinichukua wiki kadhaa kumshawishi mama yake amrudishe.

Siku hizi simuulizi mtoto kama anajua kuogelea, kwa sababu karibu wote hujibu kwamba wanajua. Humwomba anioneshe mambo manne: aketi ukingoni atie miguu majini, azamishe uso na kupuliza mapovu kwa pua, alale chali masikio yakiwa ndani ya maji, kisha aogelee mita tano bila kukanyaga chini. Pale anapokwama ndipo somo lake linapoanzia, awe na miaka mitano au kumi na mitano.

Kundi la wanaoogopa ndilo linalohitaji mwalimu mzoefu kuliko yote, ingawa mahali pengi huachiwa msaidizi. Katika kundi hili sipokei zaidi ya watoto wanne, na hatuvuki maji ya kifuani. Mtoto aliyewahi kuingiwa na maji puani huziba pumzi akiona maji, na aliyeziba pumzi hukakamaa, kwa hiyo kazi ya kwanza ni kumfundisha kutoa pumzi. Humwambia aimbe “mmm” akiwa amefumba mdomo, kisha ashuke taratibu mpaka pua iingie majini huku akiendelea kuimba, naye hushangaa kuona mapovu yanatoka na maji hayaingii. Baada ya hapo hujifunza kulala chali nikiwa nimekiegemeza kisogo chake kwenye kiganja changu. Wengi huinua kichwa kwa sababu sauti ya maji masikioni huwatisha, na kichwa kikiinuka kiuno huzama. Huwa simwachii mpaka nihisi shingo yake imelegea. Maboya ya mikononi niliacha kuyatumia, kwani humzoesha mtoto kusimama wima majini na kuamini kwamba anaelea kwa uwezo wake.

Hata hivyo, watoto wanaoninyima usingizi ni wale wa kundi la kati, wanaoogelea mita nane au kumi wakiwa wameinua kichwa, na ambao wazazi wao huwaambia majirani kwamba tayari wanajua. Mwanangu wa kiume alikuwa wa kundi hilo alipokuwa na miaka tisa. Siku moja alianza kulivuka bwawa akachoka katikati, nami nilikuwa hatua chache tu kutoka pale, nikizungumza na mzazi mwenzangu. Tuna methali isemayo mfa maji haishi kutapatapa, na nadhani ndiyo inayotufanya wengi tusubiri kuona maji yakirushwa na kusikia mayowe. Mwanangu hakupiga yowe. Mdomo wake ulikuwa sawasawa na uso wa maji, kichwa kimelala nyuma, mikono ikisukuma maji chini pembeni mwa mwili wake, naye ametulia kabisa. Nilimtoa salama, lakini tangu siku ile anayefundisha katika bwawa letu si yeye anayelinda: mtu mzima mmoja hukaa ukingoni bila simu, na kazi yake ni kutazama maji tu.

Kwa kundi hili husahihisha mapigo ya miguu yaanzie nyongani badala ya magotini, na pumzi ivutwe kwa kugeuza uso pembeni, lakini kabla ya mtindo wowote hudai mtoto aweze kugeuka chali akichoka na kupumzika hapo kwa dakika moja.

Wanaomaliza mita 25 bila kugusa ukingo huogelea wakiwa wamevaa nguo za kawaida, maana anayetumbukia kwa bahati mbaya huwa hajavaa nguo za kuogelea, na sare ya shule ikilowa huwa nzito ajabu. Pia hujifunza kumwokoa mwenzao bila kumfuata majini, kwa kumrushia dumu tupu lililofungwa kifuniko au kumnyoshea mti mrefu. Baharini huwapeleka nikiwa nimeangalia mwezi kwanza, kwa kuwa wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na za mwezi mwandamo, maji ya pwani yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na mahali mtoto aliposimama maji yakimfika kiunoni patamfunika baada ya saa chache.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na takriban robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Mtoto wa umri huo hata akipenda maji hulindwa na jicho la mtu mzima, si na somo.

Kabla hujalipia masomo ya mwanao, nenda ukatazame somo moja mpaka mwisho. Angalia kama watoto hujaribiwa kabla ya kugawanywa, hesabu kila mwalimu ana wangapi, kisha uulize ni nani anayetazama maji wakati mwalimu amempa kundi mgongo. Wakikuonesha mwalimu yuleyule, tafuta bwawa jingine.